Baba Anatembea Nyuma

Prefe hakuwahi kupita karibu na ukuta bila kuugusa. Tabia hiyo aliianzia ndani ya kompyuta yangu, katika mchezo wake wa ufalme ulioharibika, ambamo kuta nyingine ni za uongo: ukizisukuma unapita, na nyuma yake kuna chumba ambacho hakuna aliyekwambia kipo. Baadaye tabia ikamfuata nje. Nilikuwa namwona akitoka dukani kwangu, hapa mtaani Mususa, akipita kando ya nyumba ya jirani yangu mwuza mabati, mkono wake wa kushoto ukiteleza juu ya matofali, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Vijana wa pikipiki walimcheka. Mimi nilichoka kucheka mapema.

Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari, na huku Butembo mkuu wa shule ni prefe, na ukishaitwa Prefe utaitwa hivyo hata ukistaafu, hata meno yakiisha. Mke wake ni Mama Prefe. Nilisoma kwake mimi pia. Nilimwogopa miaka yote ya shule, na sikutazamia kwamba siku moja atakuja kuketi kwenye kiti changu cha plastiki kila jioni, saa wateja wanapopungua, akiomba nimfungulie mchezo.

Duka langu ni sekretaria: naandika barua za watu, natoa fotokopi, napiga picha za kadi. Kompyuta nilizinunua kwa mwagizaji mmoja wa mjini aliyeleta mashine zilizotumika huko ng'ambo. Moja kati yake ilikuja na mchezo ndani, mchezo wa zamani, picha zake za vidoti-vidoti, maandishi yote ya Kiingereza. Mwenye mashine wa kwanza aliusahau humo. Nilitaka kuufuta ili nipate nafasi, lakini Prefe, aliyekuwa amekuja kuandikisha cheti cha mwanafunzi wake wa zamani, akauona kwenye kioo na kuuliza ni nini. Nikamwambia ni upuuzi. Akavuta kiti.

Lazima niseme kwamba huyu ndiye mtu aliyezichoma karata zetu nyuma ya bweni, mbele ya shule nzima, akisema mchezo ni mama wa uvivu. Nilimkumbusha. Hakuona haya hata kidogo.

"Karata ni bahati," akasema. "Hii iko na sheria. Mais sheria zake zinajificha. Ni kitu ingine kabisa."

Hapo ndipo alipokuwa mtu wa ajabu. Wengine wanacheza ili wamuue mfalme mbaya wa mwisho wapumzike. Prefe hakuwa na haraka na mfalme. Alitaka kujua mchezo unaficha nini. Kioo kinakuonyesha nguvu za kila mtu kwa tarakimu, chakula chake, dhahabu yake, na mtu wa kawaida anatazama hizo na kuridhika. Prefe alizidharau. "Ile inaonekana ni ya bageni," alikuwa akisema. "Ya benye nyumba iko nyuma." Kwa hiyo alijaribu mambo ambayo mtu mwenye akili timamu hajaribu. Aliwalaza watu wake nje kwenye mvua ili aone kama panga zitashika kutu. Zilishika, na mchezo haukusema neno, panga zilianza tu kukata vibaya. Kulikuwa na bibi mmoja kisimani anayeomba maji. Prefe aligundua kwamba ukimpa kabla hajaomba, wauza dawa wa mji mzima wanakuwa wema kwako, na ukimpa baada ya kuomba hakuna kinachobadilika. Aliligundua hilo baada ya majuma mengi. Alifurahi siku ile mpaka akasahau kofia yake dukani.

Nilimshauri aandike siri zake mahali, mtu wa ubao na chaki kama yeye. Alikataa katakata. Alisema kitu kikiandikwa kinageuka somo, na masomo alikwisha kuyachoka.

Kiingereza hakukijua. Alikuwa amefundisha Kifaransa na Kilatini maisha yake yote, na alikisoma Kiingereza cha mchezo kama Kilatini kilichooza, akikamata mzizi hapa na mkia pale, na mara nyingi alikosea kwa kujiamini kabisa. Kuna mlango aliokaa mbele yake wiki nzima akiamini umeandikwa "usiingie", kumbe ulikuwa umeandikwa jina la mwenye nyumba.

Viatu vyake viling'aa hata matope ya Mususa yalipofika magotini. Hakuwahi kula kitu dukani kwangu, hata hindi la kuchoma, lakini karanga zangu zilipungua kila alipokuja. Aliwakemea wateja wangu kwa makosa ya Kifaransa katika barua zao za kuomba kazi, wakati mwingine mpaka wakakata tamaa ya kuomba. Nilimwambia ananifukuzia watu. Akaniambia nimshukuru, maana nawasaidia wajinga kupata mishahara. Ndivyo alivyokuwa, na kuna siku nilitamani mashine iharibike ili anipumzishe.

Sasa niseme juu ya safu, maana kila kitu kilichotokea kinatoka hapo.

Katika mchezo ule unatembea na watu wanne, mmoja nyuma ya mwingine, katika vijia vyembamba vya mawe. Majina unawapa mwenyewe. Kwetu Wanande mtoto anakuja na jina la nafasi yake: wa kwanza wa kiume ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, huna haja ya kufikiri. Prefe hakufikiri. Wapiganaji watatu akawaita Mumbere, Kambale na Kasereka, na mzee wa dawa mwenye fimbo akamwita Baba. Nyumbani alikuwa na Mumbere na Kambale tu. Kasereka alikuwa wa mashine peke yake, naye alimpenda hivyohivyo, akimnunulia viatu kabla ya wenzake.

Akawapanga: Mumbere mbele, Kambale nyuma yake, kisha Kasereka, na Baba mwishoni kabisa. Mkubwa anatangulia, na mzazi anatembea nyuma ili aone wote. Ndivyo familia zinavyokwenda shambani hapa, na yeye hakuona njia nyingine ya kupanga watu.

Shida ni kwamba mchezo una sheria yake juu ya safu, nayo ni mojawapo ya zile zinazojificha. Anayetangulia ndiye anayepigwa. Wa nyuma hapigwi kamwe. Na nguvu hazimpati mtu ila yule anayepigwa na kupiga. Kwa hiyo Mumbere wa mashine alikua jitu, na alikufa mara nyingi. Akifa, wenzake wanambeba mpaka hekaluni, wanatoa dhahabu, anafufuka. Prefe alikuwa anatupa kila kitu njiani, panga, ngao, hata chakula, ili wenzake waweze kumbeba Mumbere, maana maiti katika mchezo ule ina uzito. Wengine wangemwacha na kumchukua mwingine kwenye nyumba ya wageni. Yeye, hata siku moja.

Kisha akagundua siri ambayo ilimwondolea furaha. Kila mara mtu anapofufuka, kuna kitu ndani yake kinapungua, na mchezo haukionyeshi. Tarakimu zake zinabaki zilezile, anatembea vilevile, lakini anabeba mzigo mdogo zaidi, anachoka mapema, na siku moja hekalu litamkataa.

"Mumbere anaisha," akaniambia. "Kioo inasema iko muzima, mais anaisha."

"Basi weka Kasereka mbele," nikasema. "Apumzike kidogo."

Akanigeukia na ile sura ya nyuma ya bweni. "Mudogo apite mbele ya mukubwa wake? Ni désordre, ile, ni fujo."

"Na Baba?"

"Baba hapana. Baba akianguka, yote imeisha."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema aliliona kwa macho yake: siku za kwanza kabisa, kabla hajapanga safu vizuri, Baba aliwahi kupigwa na mnyama wa kijiani, akaanguka, na palepale mashine ikazima, kioo cheusi. Ndiyo ikawa sheria. Kila kitu kingine alikijaribu, mvua, kisima, kuta, lakini hiyo hakuijaribu tena.

"Prefe," nikasema, "hapa kwangu mashine inazima kila siku. Jenereta ikikosa petroli, inazima."

"Ile ilizima namna ingine."

Nikamwachia. Nilikuwa na fotokopi za watu, na kubishana na Prefe ni kazi ya mtu asiye na kazi.

Huku nyuma ya mchezo kulikuwa na jambo lingine, na sikuzote tulilijua sote wawili.

Prefe na familia yake walikuwa na shamba la kakao upande wa Beni. Watu wa Beni na wa Butembo hawahitaji kuelezwa. Vita ilipozidi walikimbia mashamba, kakao ikaivia mtini, ikaoza au ikavunwa na watu wasiojulikana. Kukatokea wakati fulani wa utulivu, zile wiki ambazo kila mtu anasema sasa inaonekana ni afadhali. Prefe akaamua warudi kuangalia. Akamwambia mwanawe mkubwa, "Tangulia, uangalie njia. Mimi na Kambale tutakufuata." Mumbere akapanda gari asubuhi. Alionekana Beni, kwenye kituo cha malori, akasalimiana na watu, akanunua mkate, akaelekea upande wa shamba. Basi. Hakuna aliyemwona tena, mzima au maiti.

Mtu wa mwisho kusalimiana naye alikuwa Hadji, mwenye lori, Mwislamu wa Beni anayepakia mizigo kati ya Beni na Butembo, na ambaye hutoa fotokopi za karatasi za gari kwangu. Hadji alikuwa mcheshi. Ndiye aliyegundua siri moja ya mchezo kwa kutazama tu juu ya bega la Prefe, akingoja karatasi zake. Prefe alikuwa akilalamika kwamba wauza duka wa ufalme ule ni wezi.

"Unaingia mu duka ya mutu na upanga mu mukono," Hadji akasema, "halafu unaomba bei? Hata mimi ningekuibia."

Prefe akarudisha upanga alani, akaingia upya. Bei ikashuka. Wakacheka wote wawili mpaka mwuza mabati akachungulia dirishani kujua kuna nini. Hiyo ilikuwa siku nzuri, na sikumbuki nyingi za namna hiyo.

Lakini kila safari Hadji alipoingia, kabla ya salamu, Prefe aliuliza neno moja: "Mumbere?" Na Hadji alijibu: "Bado, Prefe." Hivyo kila mara, mwaka ukaisha, na mwingine. Mpaka siku Hadji alipoketi kwenye benchi bila kutoa karatasi zake, akavua kofia, akasema, "Prefe, mi nachoka kukwambia bado. Nakuomba usiniulize tena. Nikiona kitu, nitakuja mwenyewe, hata usiku nitakuja." Prefe akatikisa kichwa kukubali. Akageukia mashine, akaendelea kugusa kuta.

Kwetu mtu akifa, mama analia kwa sauti. Ndicho kilio kinachotangaza msiba. Majirani wakikisikia wanakuja na viti na kuni, moto unawashwa uani, matanga yanaanza. Prefe alikataza kilio nyumbani kwake. Alisema hakuna maiti, kwa hiyo hakuna mfu, kwa hiyo hakuna wa kulilia. Aliwafukuza hata wanawake wa jumuiya ya kanisa waliokuja kusali rozari, kwa heshima, lakini aliwafukuza.

"Hekalu inaomba mwili," aliniambia wakati mmoja, kidole kikiwa bado juu ya kibodi. "Bila mwili, hapana kitu utafanya."

Sikujua kama alikuwa anasema juu ya mchezo. Nadhani hata yeye hakujua.

Mama Prefe aliuza viazi vilivyoletwa kutoka Kipese barabarani, mbele ya duka langu, na mvua ikinyesha alikuja kuketi ndani na beseni lake. Hakuwahi kuitazama mashine. Aliichukia, nafikiri, kama mke mwenza. Prefe asipokuwepo alilia palepale kwenye benchi, machozi tu, bila sauti hata kidogo, mdomo umefungwa, na mimi nilijifanya nahesabu karatasi.

"Nachoka, mutoto yangu," aliniambia. "Kuchoka ya miguu, najua dawa yake. Hii sijue."

Nikamwambia pole. Neno hilo nimelitumia sana maishani, na siku hizo niliona jinsi lilivyokuwa jepesi.

Halafu Kambale. Kambale alikuwa na pikipiki ya kubeba watu, kijana mpole, mwenye koti la mvua la njano ambalo alilivaa hata jua likiwaka. Kwa kuwa baba alisema kaka yake yu hai, basi ilibidi mtu amtafute. Akipata petroli ya kutosha alipanda mpaka Beni, akaingia vijiji vya pembeni, akiuliza, akionyesha picha ambayo mimi ndiye niliyeichapisha. Kila alipokwenda, Mama Prefe hakulala mpaka arudi. Alimwomba mumewe aruhusu matanga. Si kwa ajili ya Mumbere tena, alisema. Mumbere yuko mikononi mwa Mungu popote alipo. Alitaka matanga ili Kambale aache ile barabara. Mtu akishaliliwa, hakuna anayemtafuta. Prefe alitoka nyumbani, akaja kwangu, akavuta kiti.

Nilimkasirikia sana miezi ile, na nilimwambia. Nilimwambia, "Prefe, una mtoto mmoja anayepumua." Akanijibu kwamba nimekosea katika barua niliyokuwa naandika, neno la pili mstari wa tatu. Na kweli nilikuwa nimekosea.

Mara ya mwisho kuwaona pamoja dukani ilikuwa jioni ya mvua, wakati Butembo nzima inanuka udongo na moshi wa makaa. Aliingia Prefe kwanza, na nyuma yake Mama Prefe, bila beseni. Niliogopa kuona wamefuatana. Viatu vya Prefe vilikuwa na matope, naye hakuvipangusa.

Mama Prefe ndiye aliyenieleza, wakati Prefe akingoja nimfungulie. Kambale alikuwa amerudi asubuhi ile. Askari walimsimamisha kwenye kizuizi cha njiani, wakamwuliza kwa Lingala, "Okei wapi?", yaani unakwenda wapi, naye akasema anamtafuta kaka yake, na hawakumwamini, wakamketisha chini kwenye mvua kutwa na usiku kucha, pikipiki ikilala kando. Wakamwachia kulipokucha. Alifika nyumbani akitetemeka, akanywa chai, na baba yake akamwambia asirudi tena kule. Kambale akasema, kwa adabu, bila kuinua sauti: "Papa, unasema kaka iko muzima. Kama iko muzima, nani atamutafuta? Nyuma yake ni mimi njo nafuata. Unataka nipite kando?"

"Akasema vile," Mama Prefe akamaliza, "na akaenda kutengeneza kamba ya breki. Kesho anapanda tena."

Mchezo ukafunguka. Wale wanne walikuwa wamesimama mbele ya kijia fulani cha mawe, Mumbere mbele. Prefe hakusogea. Alibonyeza kitufe ambacho sijawahi kumwona akikibonyeza, na ikatokea orodha ya safu.

"Kumbe ulijua namna ya kuwapanga upya," nikasema.

"Tangu siku ya kwanza."

Akamshika Baba, mzee wa fimbo, akamtoa mwisho, akampandisha juu ya Kasereka, juu ya Kambale, juu ya Mumbere. Mumbere akashuka mpaka nyuma kabisa. Mama Prefe alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza alikuwa anatazama kioo.

"Ule ni nani?" akauliza.

"Ni mimi," akasema Prefe.

Wakaingia kijiani. Hawakufika mbali. Baba hakuwa na nguvu yoyote; tangu ile mara moja ya mwanzo hakupigwa tena, na sheria ya mchezo ni ile niliyokwisha kuisema. Mnyama mdogo, wa wale ambao Mumbere angempiga teke, akatoka gizani, akampiga Baba, na Baba akaanguka.

Prefe akaondoa mikono juu ya kibodi, akaiweka mapajani. Alikuwa anangoja giza.

Jenereta ilinguruma nje. Mvua ilipiga mabati. Kioo hakikuzima. Wale watatu wakampiga mnyama, wakammaliza, kisha wakasimama kuzunguka kile kimwili cha mzee chini, na yakatokea maandishi.

"Inasema nini?" Prefe akauliza. Mtu yule aliyejidai kusoma kila kitu, akaniuliza mimi.

Kiingereza changu ni cha kwenye vyombo na dawa, lakini maneno yalikuwa machache. "Inauliza," nikasema, "kama watamuacha ao watamubeba."

Hakubonyeza mara moja. Kisha akabonyeza. Na wale vijana watatu wakainama, wakamwinua Baba, Mumbere wa nyuma, ingawa anaisha, ndiye aliyepakiwa uzito mkubwa, wakaanza kutembea naye kuelekea hekaluni, polepole, kama mchezo ulivyokuwa unatembeza wote wenye mzigo.

"Haikuzima," akasema.

"Haikuzima, Prefe."

"Na siku ile..."

"Siku ile ilikuwa petroli."

Aliwatazama wakimbeba. Alizeeka palepale kwenye kiti changu cha plastiki, nilimwona. Kisha akasema, bila kumtazama mkewe: "Mi nilifikiri mi nikianguka, nyumba yote inaanguka. Donc nikatuma mutoto. Nilisema mukubwa atangulie, ni desturi. Haikuwa desturi. Niliogopa."

Mama Prefe akamwekea mkono mgongoni. Sijawahi kuona mke na mume wa rika lao wakigusana mbele ya watu hapa kwetu. "Nani alikuomba usianguke?" akamwambia. "Hata siku moja sikukuomba ile."

Prefe akajipangusa uso kwa kofia yake. Akanigeukia, na sauti yake ikawa tena ile ya shule, karibu.

"Funga huu mchezo. Chukua karatasi. Utatuandikia komunike ya radio."

Nikachukua. Komunike za msiba nimeandika nyingi mno, na kichwa chake nakijua: familia fulani ina huzuni kubwa ya kutangazia ndugu, marafiki na wajuani. Nikaanza kuandika hivyo. Akanizuia.

"Hapana. Anza na mimi. Andika: Mimi baba yake, niliyemutuma mbele."

"Prefe, radio hawasomi namna hiyo."

"Batasoma. Yule msomaji nilimufundisha mimi."

Nikaandika: Mimi baba yake, niliyemtuma mbele, natangaza kifo cha mwanangu Mumbere. Mwili hatuna. Matanga yataanza leo nyumbani. Kambale na abaki. Nilimwambia kwamba hilo la mwisho si la radioni, ni la kumwambia kijana ana kwa ana. Akasema niliache lisomwe, ili likishasikika na mji mzima yeye mwenyewe asiweze kulirudisha.

Nilipomsomea yote kwa sauti, nikafika kwenye neno "kifo", Mama Prefe akashika kichwa chake kwa mikono miwili na kulia. Kilikuwa kilio cha mama, kirefu, kile alichokifungia kifuani miaka yote hiyo, na kilitoka kikavuka mvua na jenereta na pikipiki za barabarani. Mwuza mabati alikuwa wa kwanza kuingia, amelowa, kiti mkononi. Nyuma yake wakaja wengine. Prefe aliinuka, akampisha mkewe kwenye kiti changu, akasimama kando yake mkono ukiwa juu ya ukuta, na hakumwambia anyamaze.